Korongo wa pembe na korongo wa taji: yupi anatuponyoka?

Mwanzisha uzi, Cherangani

Wadau hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni akishatulia.

Mimi ni mkulima wa mahindi huku Trans Nzoia. Shamba letu linateremka hadi kwenye kinamasi, na ng'ambo ya kinamasi ni mashamba ya wengine. Juma lililopita binti yangu alirudi na kazi ya shule: ataje mnyama mmoja wa magharibi mwa Kenya aliye hatarini kutoweka, aeleze sababu. Akaandika korongo. Mwalimu akarudisha daftari na swali moja kwa wino mwekundu: korongo yupi?

Swali hilo ni la haki kabisa. Kiswahili kimewapa viumbe wawili jina moja. Yuko korongo ndege, huyu mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, mashavu meupe na kifuko chekundu shingoni, anayefika kimo cha mita moja. Na yuko korongo wa miguu minne, swala mkubwa mno, dume lake likipita kilo 250, uso mweusi wenye mabaka meupe kana kwamba amevaa barakoa, masikio marefu kama ya punda na pembe zilizopinda kwenda nyuma. Jike naye ana pembe. (Mmomonyoko ukichimba shamba lako nalo shimo lile huitwa korongo, lakini hilo tuliache.)

Binti alikuwa na ndege akilini, kwa sababu ndiye anayemwona kila asubuhi akienda shule. Tukakaa mezani kutafuta habari za wote wawili, na hapo ndipo nilipopata jambo lililoninyima raha hadi nikaamua kuliandika hapa.

Katika Orodha Nyekundu ya kimataifa, ile inayopanga viumbe wote kwa kiwango cha hatari, korongo ndege amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka tangu 2012. Korongo swala yuko kundi la chini kabisa, la wasio na wasiwasi mkubwa. Soma tena. Ndege ninayemwona kwenye mabua yangu, siku nyingine thelathini kwa mpigo, ndiye dunia inayemlilia. Swala ambaye sensa ya wanyamapori ya 2021 ilimkuta akiwa 15 tu katika Kenya nzima, wote ndani ya Hifadhi ya Ruma kule Homa Bay, dunia inasema hana shida.

Kumi na watano. Mimi nina ng'ombe tisa na mbuzi sita. Hesabu yao wote kitaifa ni hesabu ya zizi langu.

Ruma nimefika mara tatu. Shemeji yangu anaishi Mbita, na kutoka kwake hadi bonde la Lambwe, iliko hifadhi hiyo, si mbali. Mara mbili za kwanza tuliona twiga wa Rothschild, kongoni, taya (wale swala wadogo) wakichupa kwenye nyasi, na kwa mbali kifaru. Korongo hatukumwona. Mara ya tatu, karibu saa kumi na moja jioni, askari aliyekuwa nasi alishika mkono wa dereva bila kusema neno. Walikuwa wanne kwenye nyasi zilizowafika tumboni. Mmoja aliinua kichwa akatutazama, akaendelea kula. Niliporudi nyumbani na baadaye kusikia zile hesabu, nilielewa kwamba jioni ile nilikuwa nimetazama sehemu kubwa ya korongo wote wa nchi hii kupitia dirisha moja la gari.

Kwa hiyo naomba tujadili. Katika hawa wawili, yupi anatuponyoka kwanza? Na sisi tunaoishi nao tufanye nini?

Mchangiaji, Mbita

Asante sana mzee kwa kuileta hii. Mimi nimezaliwa ukingoni mwa Lambwe na naweza kuongeza kidogo.

Watu wengi hawajui kwamba bonde lile lililindwa na mbung'o kabla halijalindwa na serikali. Wazee wetu waliogopa kukaa kule chini kwa sababu ya malale, na ng'ombe waliopelekwa malishoni walirudi na nagana, wakikonda mpaka mbavu zikahesabika. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na mlipuko wa malale Lambwe, na familia nyingi zinaukumbuka. Mbung'o akiwepo, jembe halifiki. Ndiyo maana nyasi zile ndefu zilibaki na korongo akabaki.

Serikali ilitenga eneo hilo mwaka 1966 likiitwa Lambwe Valley, na sababu kubwa ilikuwa huyu huyu korongo. Mwaka 1983 likawa hifadhi ya taifa kwa jina la Ruma. Ni kilomita za mraba 120 tu. Kisha mbung'o wakapunguzwa kwa mitego na dawa, jambo jema kwa afya zetu, wala simtakii mtu malale. Lakini mashamba yalisogea hadi kwenye ua, na waliosogea si wakulima pekee. Na wenye waya walisogea.

Mtego wa waya ndio uliowamaliza. Mwindaji anamtega digidigi au taya, lakini waya hauchagui. Mwaka 1976 Ruma ilikuwa na korongo karibu 200. Kufikia 2009 hawakufika 40. Halafu hizo 15 ulizotaja. Sikuwahi kusikia ukame wala tauni iliyowaua kwa mkupuo. Walipungua mmoja mmoja, kimyakimya, huku kila mmoja wetu akidhani wengine wako upande wa pili wa kilima.

Mchangiaji, Kisumu

Naomba kuuliza bila ubishi. Inakuwaje wataalamu wamuweke swala wa 15 kwenye kundi la chini? Huko si kutupotosha? Mtu akisoma orodha hiyo Nairobi au London atasema fedha ziende kwingine.

Mwanzisha uzi, Cherangani

Dada, nami nilianza na hasira hiyo hiyo. Baadaye nikaelewa kinachopimwa.

Orodha ile humtazama kiumbe duniani kote, wala haiangalii nchi moja moja. Korongo swala ametapakaa kutoka Afrika Magharibi hadi kusini. Wako Burkina Faso, Kameruni, Zambia, na hapa jirani Tanzania wako Ruaha na Katavi. Ukiwajumlisha wote unapata makumi ya maelfu. Kwa jumla hiyo hajafikia kiwango cha kuitwa aliye hatarini.

Ndege yeye hupimwa kwa kasi ya kupungua. Kiumbe akipoteza nusu ya idadi yake au zaidi ndani ya vizazi vitatu, anaingia kundi la hatari hata kama waliobaki ni maelfu. Mwaka 1985 korongo taji walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 Afrika mashariki na kusini. Kufikia 2004 makadirio yalikuwa kati ya 50,000 na 64,000. Huyo ni kiumbe anayeteremka mlima mbio, na anayeteremka mbio humtazami aliposimama leo, unatazama anakoelekea.

Mimi naifananisha hivi. Ndege ni kama ghala kubwa lenye tundu chini. Ukichungulia kwa juu unaona mahindi bado yamejaa, lakini kila usiku debe moja linamwagika. Swala wa Ruma ni kikombe kimoja cha mbegu kilichobaki kwetu, wakati majirani bado wana magunia. Mwenye kupima mahindi ya kijiji kizima atalia na ghala. Mwenye kikombe akikikosa hana cha kupanda.

Kipimo hicho hicho cha kimataifa, kikitumiwa kwa nchi moja, kinasema kundi lenye wakubwa wasiofika 50 liko ukingoni kabisa mwa kutoweka. Kwa Kenya, korongo swala yuko chini sana ya mstari huo. Kwa hiyo orodha haijadanganya. Kosa ni kusoma hesabu ya bara na kudhani ni hesabu ya Homa Bay.

Mchangiaji, Nandi

Nimefurahi kumwona kong'ony akijadiliwa. Kwetu Wakalenjin huyu ndege ni nembo ya ukoo, na mtu wa ukoo huo hamgusi. Bibi yangu alikuwa akimwona shambani anasimamisha jembe mpaka apite.

Lakini nisiwadanganye, heshima hiyo imepungua. Vijana wanauza vifaranga. Mtu anavikamata kinamasini kabla havijajua kuruka, anavipeleka kwa mwenye nyumba kubwa au hoteli inayotaka ndege wa kutembea kwenye bustani. Wengine wanatafuta mayai kwa ajili ya dawa za mapenzi, kwa sababu korongo dume na jike hukaa pamoja maisha yote, basi watu wanadhani uaminifu huo unaweza kuchemshwa ukanywewa.

Na huyo anayefugwa kwenye bustani ni kama amekufa kwa upande wa kizazi. Hatapata mwenzi, hatapata kinamasi, hataangua yai hata moja. Ndiyo maana ninawaambia watu wasipige naye picha hotelini na kusifu.

Mchangiaji, Njoro

Mimi nina wazo jepesi. Kama Tanzania wako wengi, tulete korongo hamsini tuwaachie Ruma. Mambo yaishe.

Mchangiaji, Mbita

Ndugu yangu wa Njoro, wazo hilo si baya na limejadiliwa sana huku. Lakini kuhamisha swala huyu kumewahi kutuumiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 korongo walitolewa vilima vya Ithanga, karibu na Thika, wakapelekwa Shimba Hills kule Kwale ili wasimalizwe na mashamba. Leo Shimba Hills ina palahala, swala jamaa yake, lakini korongo hana hata mmoja. Walipungua mpaka wakaisha. Na Ithanga nako hawapo. Kwa hiyo Ruma ndiyo iliyobaki peke yake.

Korongo ana mambo yake. Anataka nyasi ndefu, maji ya karibu, na nafasi. Ndama anapozaliwa, mmoja tu baada ya miezi karibu tisa, mama humficha kwenye nyasi kwa majuma kadhaa na kumrudia kunyonyesha. Nyasi zikiungua, na Ruma huungua karibu kila kiangazi kwa sababu ya watu wanaotaka majani mapya ya ng'ombe, ndama anabaki wazi. Fisi na chui wanamaliza. Halafu wapo kupe. Huyu mnyama anaweza kuuawa na vijidudu vya kupe ambavyo wanyama wengine wanavibeba bila shida. Ukimleta kutoka mbali, unamleta kwenye kupe asiowajua.

Wataalamu wamegundua pia kwamba wa Afrika Magharibi wanatofautiana kinasaba na wa upande wetu. Basi kama wataletwa, watoke karibu. Lakini leta mia, kama waya bado uko kwenye nyasi, utakuwa umewapelekea wenye waya nyama.

Jambo linalonipa tumaini ni kwamba KWS, shirika la serikali la wanyamapori, imezungushia ua sehemu maalumu ndani ya Ruma, ambako korongo wanaishi mbali na fisi na chui, na ndama wanapata muda wa kukua. Mimi nimeona ua huo kwa macho yangu, na vijana wa kijiji chetu wameajiriwa kuondoa mitego. Kijana aliyekuwa akitega ndiye anayejua waya unafichwa wapi.

Mchangiaji, Busia

Huku kwetu tatizo ni maji. Ukanda wote huu, Yala, Sio, hadi Bunyala, mafunjo yanakatwa na kuchomwa, mifereji inachimbwa, watu wanalima mpunga na sukuma wiki mahali korongo alipokuwa akitaga. Siwalaumu, maana ardhi hakuna na watoto wanakula. Ila watu waelewe: korongo taji anaweza kula kwenye shamba lolote, lakini kutaga anataga kwenye kinamasi. Anajenga kiota cha majani yaliyokanyagwa katikati ya maji ili mbwa na mtu wasimfikie. Mkikausha maji mtaendelea kumwona miaka mingi, kwa sababu wakubwa wanaishi muda mrefu. Mtasema bado wapo. Kumbe mnaona wazee wasio na watoto.

Mwanzisha uzi, Cherangani

Mchango wa Busia umenigusa, kwa sababu umenionyesha kosa langu mwenyewe. Niliandika kwa fahari kwamba ninaona thelathini kwenye mabua. Sikuwahi kuhesabu wangapi ni vifaranga.

Asubuhi ya leo nimetoka na binti yangu na daftari. Mtoto wa korongo unamjua: taji lake ni fupi, uso wake haujawa mweupe, rangi yake ni ya kahawia. Tulihesabu ishirini na sita. Wachanga walikuwa wawili. Korongo anaweza kutaga mayai mawili, matatu, hata manne kwa mkupuo, zaidi ya jamaa zake wengine wote wa dunia. Sasa nauliza, mayai hayo yamekwenda wapi?

Jibu lingine ninalo, nalo ni chungu. Msimu wa kupanda mwaka juzi, mwezi wa nne, jirani mmoja alichoka na korongo waliokuwa wakifukua mbegu za mahindi. Ni kweli wanafukua, tusiseme uongo ili kumpendeza mtu. Wanafuata mstari kama mtu aliyepewa kazi. Jirani akachanganya mahindi na dawa ya wadudu akayamwaga kando ya shamba. Kesho yake tulikuta kumi na mmoja. Mmoja alikuwa bado hai, ameinamisha kichwa hadi taji likagusa udongo, na mwenzi wake amesimama kando yake, hataki kuondoka hata tulipofika karibu. Binti yangu alikuwa pale. Nadhani ndiyo sababu aliandika korongo kwenye daftari.

Yule jirani si mtu mbaya. Tuliongea. Alikuwa amekopa pesa za mbegu na mbolea, na akaona mkopo wake unaliwa mchana kweupe. Tangu mwaka jana tunafanya hivi: mbegu inafukuliwa katika majuma mawili ya kwanza tu, mahindi yakishashika mizizi korongo hana haja nayo. Kwa hiyo katika majuma hayo wenye mashamba yanayopakana na kinamasi tunapokezana zamu ya kulinda, alfajiri na jioni, na upande wa chini tunaacha kipande wanachokula bila kufukuzwa. Baada ya hapo tunawakaribisha, kwa sababu wanapokanyaga chini kwa nguvu wanatimua panzi na viwavi wakawala. Aliyehangaika na viwavi jeshi anajua hiyo ni faida gani. Mwaka jana hapakuwa na sumu iliyomwagwa upande wetu.

Mchangiaji, Kisumu

Nimesoma yote nikafuta machozi hapo kwenye mwenzi wake. Basi mzee, swali lako mwenyewe hujalijibu. Yupi anatuponyoka kwanza?

Mwanzisha uzi, Cherangani

Dada, nitajibu kwa ninavyoona mimi.

Kwa Kenya, swala. Moto mmoja mbaya, ugonjwa mmoja wa kupe, mwaka mmoja wa uzembe wa walinzi, basi. Na ndugu kwa ndugu wakizaana katika kundi dogo hivyo, udhaifu unaingia hata bila mwindaji. Yeye anahitaji ua, askari, daktari wa mifugo na bajeti. Mimi mkulima wa Cherangani siwezi kumsaidia kwa jembe langu. Ninachoweza ni kulipa kiingilio, kupeleka watoto wamjue, na kumuuliza mbunge anayeomba kura kama anajua jina lake.

Ndege yuko tofauti. Yeye hana hifadhi moja ya kuzungushiwa ua. Analala kwenye miti ya mtu huyu, anakula kwa yule, anataga kwa wa tatu. Hapo Kipsaina, huku kwetu Trans Nzoia, wanakijiji walianza miaka mingi iliyopita kulinda kinamasi wenyewe, kupanda miti ya asili kandokando ya maji badala ya mikaratusi inayonyonya, na korongo wakaendelea kutaga. Hawakungoja mtu. Hatima ya huyu iko mikononi mwa watu kama yule jirani yangu, na mikononi mwangu.

Kwa hiyo wa pembe ndiye aliye karibu zaidi na mlango. Wa taji ndiye ambaye mlango wake tunaushika sisi.

Mchangiaji, Nandi

Mzee, hapo kwa mikaratusi umenena. Kingwal, kinamasi cha kwetu, iliumizwa na miti hiyo na wachimba udongo wa matofali. Nitaanza kuhesabu vifaranga huku nami. Unahesabu saa ngapi?

Mwanzisha uzi, Cherangani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hawajatawanyika kutoka kwenye miti wanayolala. Andika wakubwa na wachanga mbalimbali. Kiota ukikiona usikisogelee wala usipige picha ya mahali ikaonyesha njia, maana wanaotafuta vifaranga nao wanasoma humu.

Nyongeza ya leo jioni: binti amerudisha daftari. Ameandika kurasa mbili, mmoja wa pembe, mmoja wa taji, na chini yake ile hesabu yetu, ishirini na sita kwa wawili. Mwalimu ameomba darasa zima lije kinamasini Jumamosi. Jirani yangu ndiye atakayewaonyesha njia, maana shamba lake ndilo lililo karibu na maji.